Uzi Mwekundu wa Mkono wa Kushoto

Asubuhi Mwalimu alipokwenda kujiandikisha kwa yule aliyemharibia jina, alivaa suruali yake ya mazoezi ya siku zote, ile yenye kiraka gotini, akabeba mkeka wake kwapani. Msichana wa mapokezi hakumjua. Akamuuliza kama amewahi kufanya yoga.

"Kidogo," Mwalimu akajibu.

Alikuwa na miaka sitini na miwili, na alikuwa ameifundisha kwa miaka ishirini na saba.

Chumba alikiona ni kizuri, na hilo likamuuma. Sakafu ya mbao iliyong'aa, madirisha mapana, taa zilizofichwa darini. Wanafunzi zaidi ya thelathini walikuwa wakitandika mikeka, na zaidi ya nusu aliwafundisha yeye mwenyewe kuvuta pumzi. Wengine walipomwona walijifanya wanafunga kamba za viatu, ingawa humo ndani hakuna aliyevaa viatu. Kila mmoja alikuwa na uzi mwekundu kwenye mkono wa kushoto. Uzi huo ndio ulikuwa alama ya studio. Karatasi ya ukutani ilieleza kwamba unatuliza moyo.

Mwalimu aliisoma karatasi hiyo mara mbili, akacheka kimoyomoyo. Uzi ule aliuanzisha yeye.

Mwenye studio aliitwa Dada Utulivu, jina alilojipa mwenyewe. Miaka minane nyuma alikuwa mfagiaji katika chumba cha Mwalimu, kile cha ghorofani juu ya duka la rangi. Mwalimu aliuona mgongo wake ulionyooka, akamwacha ajifunze, kisha akamwacha asaidie kufundisha. Kasoro yake ilikuwa moja: hakujua kushoto wala kulia. Akiambiwa ageuke ghafla, alibahatisha. Na mwalimu wa yoga anayewatazama watu uso kwa uso ana kazi ya ziada, kwa kuwa mkono wao wa kulia uko mkabala na wake wa kushoto. Ndipo Mwalimu alipomfunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akamwambia, "Ukipotea, tazama uzi, mwanangu."

Siku moja hakuutazama.

Fundi, mama mshona nguo wa mtaa ule, alikuwa na nyonga mbovu ya kulia tangu alipoanguka kwenye ngazi. Kila aliyefundisha pale alijua kwamba nyonga ile haiguswi. Siku hiyo alikuwa amelala kifudifudi, mguu mmoja ameukunja chini ya kifua, na Utulivu akamjia kwa nyuma akakandamiza upande usiokandamizwa. Kilisikika kishindo kidogo kama cha kijiti kikavu kikivunjika. Fundi hakukaa kwenye cherehani kwa miezi mitatu.

Utulivu alilia mpaka akatapika. Mwalimu akamwonea huruma. Fundi alipouliza ni nani aliyemshika, Mwalimu akasema, "Ni mimi. Chumba changu, kosa langu." Alidhani anamwokoa mtoto. Mwaka haukuisha mtoto akafungua studio yake mtaa wa pili, akawanong'oneza watu mmoja mmoja: kwa yule bibi mnakwenda kufanya nini, hamjui alimvunja Fundi? Wakahama wote. Fundi mwenyewe akahama.

Mwalimu alibaki na mikeka mitupu na hasira iliyokuwa ikiamka kabla yake kila asubuhi. Angeweza kusema ukweli, lakini nani angemwamini, naye ndiye aliyekiri? Akaona njia ni moja tu: Utulivu aumbuke kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu.

Kwa wiki tatu alitandika mkeka mstari wa mbele kabisa. Alifanya kila zoezi taratibu, bila kutetemeka, na waliokuwa nyuma walipopotea walimfuata yeye badala ya mwenye darasa. Utulivu alianza kukosa pumzi akihesabu. Siku ya nne alimfuata kwenye kabati la viatu.

"Mwalimu, unataka nini hapa?"

"Kunyoosha viungo, Dada."

"Mimi nilikuwa mwanao."

"Ulikuwa," Mwalimu akasema, akachukua ndala zake.

Katika wiki hizo aliona jambo moja. Utulivu hakuwa tena akitazama uzi wake. Alitazama nyuzi za wanafunzi. Ndiyo maana aliwafunga wote: upande wa uzi ni kushoto kwao, basi hakuna cha kufikiri. Aliona pia kwamba Fundi, aliyetandika karibu na dirisha, haguswi kamwe. Kila mara aliambiwa, "Wewe pumzika, mama."

Kisha likatolewa tangazo. Jumamosi wangekuja wageni watatu kutoka chama cha walimu wa yoga, kuona kama studio inafaa kupewa kibali cha kufundisha walimu wengine.

Jumamosi hiyo Mwalimu alifika mapema, akaketi kwenye benchi la mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, uzi wake mwekundu ukiwa mkono wa kulia. Wa kwanza kuuliza alikuwa Dereva, mstaafu wa teksi mwenye tumbo na mdomo usiopumzika.

"Bibi, umeuhamisha?"

"Mkono upi unafanya kazi zaidi?"

"Wa kulia."

"Basi upi unahitaji kutulizwa?"

Dereva akajitazama. "Huu wa kulia ndio niliotukania watu miaka thelathini barabarani," akasema, akaanza kufungua fundo kwa meno. Wanaume wakacheka wakamfuata. Wanawake wa upande wa pili wa pazia walisikia, wakaulizana, wakahamisha. Baadhi walifanya hivyo kwa heshima ya zamani kwa Mwalimu, wengine kwa sababu mwenzao amefanya. Fundi alikuwa wa mwisho, akauhamisha bila kumtazama Mwalimu usoni.

Utulivu alikuwa nje akiwakaribisha wageni. Alipoingia nao, darasa lote lilikuwa limelala chali na macho yamefumbwa.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kisha akasema, "Kaeni. Kunjeni mguu wa kushoto mbele, wa kulia unyooke nyuma."

Wakafanya. Akatazama nyuzi, akakunja uso.

"Kushoto, wapendwa. Kushoto."

Wakatazamana. Mmoja akabadilisha mguu, mwingine akabadilisha kisha akarudisha.

"Dada," Dereva akasema akihema, "mimi nimekata kona za kushoto tangu kabla hujazaliwa. Kushoto ni huku."

Kicheko kikazunguka chumba. Mgeni mmoja akaandika kitu kwenye daftari lake. Utulivu akacheka pia, lakini shingo yake ilikuwa imelowa. "Upande wa uzi!" akasema. Wakageuka wote upande wa uzi, nao ukawa kulia, na hapo ndipo yeye alipotulia.

Kwenye mstari wa mbele Mwalimu alihisi raha ikimpanda kifuani kama maji ya moto. Alitaka iendelee. Alitaka Utulivu apotee mpaka jioni.

Lakini Utulivu aliwaona wageni wakinong'onezana, akaona inafaa awaonyeshe jambo kubwa. Fundi hakuwa amebadili mguu, kwa kuwa alijua anaokunja siku zote ni wa kushoto. Alikuwa amelala kifua chini, uso sakafuni. Utulivu akamwendea. "Mwenzetu huyu aliumizwa mahali pengine," akawaambia wageni. "Nitawaonyesha jinsi sisi tunavyomsaidia."

Akapiga magoti. Akautazama uzi kwenye mkono wa Fundi. Akanyoosha kiganja kuelekea upande wa uzi, kwenye nyonga ile mbovu ya kulia.

Mwalimu, aliyekuwa amegeuka kutazama, aliuona mkono ukishuka. Hili hakulipanga. Sauti ilikuwepo kooni, neno moja tu lingetosha, na wakati ulikuwepo. Pumzi moja nzima, kuvuta na kutoa, Mwalimu alinyamaza.

Kiganja kikatua. Kabla hakijakandamiza, Fundi alipiga kelele, akajipindua akaushika mkono ule kwa nguvu za mtu anayevuta jeans nzito chini ya sindano.

"Kitufe!" akasema. "Kitufe kile kile!"

Kwenye kidole gumba cha Utulivu kulikuwa na pete ya fedha yenye uso wa duara uliotuna. Fundi akaigeuza kwenye mwanga.

"Niliwaambia siku ile kwamba kitufe kilinichoma mgongoni, mkasema ni maumivu yanayonisemesha. Mwalimu havai pete. Hajawahi kuvaa." Akamgeukia. "Nani alinishika?"

Mwalimu alikuwa amesimama tayari. "Muulize yeye."

"Mwalimu, tafadhali," Utulivu akasema kwa sauti ndogo. "Nakuomba. Siyo mbele ya wageni."

"Wewe uliniomba ruhusa uliponisema kwa watu?" Mwalimu akasogea. "Jambo dogo tu, mwanangu. Nyanyua mkono wako wa kushoto, wageni wauone."

Utulivu akautazama uzi wake. Akazitazama nyuzi za watu thelathini na zaidi, zote mkono wa pili. Hakuuamini tena wake. Polepole, mbele ya madaftari matatu yaliyofunguliwa, akanyanyua mkono wa kulia.

Hakuna aliyecheka. Hata Dereva alitazama chini.

"Ndiyo," Utulivu akasema, mkono ungali juu. "Ni mimi nilimshika."

Fundi akakunja mkeka wake. Alipompita Mwalimu alisimama kidogo. "Na wewe ulinidanganya usoni." Akatoka, akichechemea.

Kibali hakikutolewa. Mwezi uliofuata karatasi ya ukutani ilibanduliwa, na watu wakapanda tena ngazi za juu ya duka la rangi, wakiwa na aibu na salamu nyingi. Mwalimu aliwapokea bila kuwarahisishia. Walipomwambia kwamba Utulivu amefunga studio na kuhama mtaa, alisema, "Vizuri," na mchana huo alikula chakula chake chote na kuongeza.

Fundi alikuja asubuhi moja darasa likiwa linaanza, akasimama mlangoni.

"Nina swali moja. Mkono wake ulipokuwa unashuka, wewe ulikuwa mbele, uso umetuelekea. Uliuona?"

Mwalimu angeweza kusema hapana.

"Niliuona."

"Ukanyamaza."

"Nilitaka akuguse."

Fundi alimtazama muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya akipima kama kinatosha kitu kingine. Kisha akaenda mpaka ukuta wa nyuma, mbali kabisa na mbele, akatandika mkeka.

"Usinishike," akasema.

"Sikushiki."

Mwalimu akawageukia watu, akanyanyua mkono wa kushoto ili wao wanyanyue wa kulia, na akawaambia wavute pumzi.