Jitu Lilipoongea Kiingereza

Jitu lilifungua kinywa, na Kiingereza kikatoka.

Kilikuwa Kiingereza kizuri, kizito, cha studio yenye mazulia ukutani. Kiliujaza ukumbi wote pale Marshalltown, kikatetemesha vifua vya watu. Lakini mwenye sauti ya jitu lile alikuwa amekaa karibu nami: Orpha wa Uvira, ndani ya vitenge vya zambarau alivyovishonesha kwa ajili ya siku hiyo tu, midomo ameifumba. Kati yetu alikuwa binti yake, Héritière, mwenye miaka tisa. Mtoto alitazama skrini, akamtazama mama yake, kisha akauliza kwa Kiingereza, polepole, kama mtu aliyepotelewa sokoni:

"Mama, uko wapi?"

Orpha aliendelea kuitazama skrini. Mimi nilishika mikono ya kiti, tayari kuinuka.

Kila mwaka wapenzi wa katuni za Kijapani hapa Johannesburg hukutana kuwatunuku waliowakosha. Hutoa tuzo ya uchoraji, ya muziki, ya hadithi. Watu huja na nywele za buluu na mapanga ya kadibodi, na hakuna anayemshangaa mwenzake. Mwaka jana waliongeza tuzo ya sauti. Filamu ilikuwa moja kwa wote. Wewe uchague kipande, ukitie maneno ya lugha ya kwenu. Niliposoma hayo sikumaliza hata chai. Nilishuka mbio kutoka Troyeville hadi Bertrams, saluni kwa Orpha, kumwambia kwamba wametuita.

Maana sisi kazi hiyo tulikuwa tukiifanya tayari. Mimi nina stashahada ya utangazaji, na siku za juma nilikuwa napokea simu za watu waliokasirika, nikiwaomba radhi kwa Kiingereza kwa niaba ya kampuni ambayo haikuwa na haya hata kidogo. Jumamosi nilikuwa mtu. Orpha alikuwa na televisheni juu ya kioo cha saluni, na wateja wanaosukwa hukaa muda mrefu, na watoto wao hukaa wakinuna. Siku moja nilishika kitana kama kipaza sauti, nikaanza kuwasemea wahusika wa katuni. Jumamosi iliyofuata wanawake walikuja na vichwa ambavyo vilikuwa bado havihitaji kusukwa.

Sikubuni chochote. Mjomba wangu Mahmoud, kule Tanga, alikuwa mtia maneno kwenye kibanda cha video. Peke yake alikuwa jambazi, polisi, mke wa polisi na mbwa. Hakuwahi kuinyamazisha filamu. Aliiacha ingurume kwa lugha yake, naye akapanda juu yake. Tena aliwaingiza watazamaji ndani ya hadithi. Jambazi akipigwa, mjomba alisema, "Huyu ni Salum aliyeingia kwa dirisha bila kulipa," na Salum, gizani kwenye benchi, aliitika kwa kuguna. Kwa mjomba, filamu ambayo watu hawajaijibu ilikuwa bado haijaonyeshwa.

Kwa hiyo kipande chetu tulikirekodi pale pale saluni, wateja wakiwemo. Jitu la bonde linashuka mlimani kuwafukuza wanakijiji, na msichana mchoma makaa anasimama njiani. Orpha alikuwa jitu. Mimi nilikuwa msichana. Msichana anaposema "Sihami", saluni nzima hujibu "Hahami!", na siku ile mteja wetu Victorine alijibu kwa nguvu hadi rola zikamtoka kichwani.

Héritière peke yake hakujibu. Si kwamba hakuelewa. Utani wa Kiswahili ulimfikia kabla ya wote; nilikuwa nauona mabegani mwake, yakitikisika kabla ya mabega ya wenzake. Ila kinywani mwake mlikuwa na Kiingereza kwa watu wazima na Kizulu kwa marafiki, na kwenye geti la shule alikuwa amemwomba mama yake asiongee kwa sauti. Orpha alinisimulia hayo akiwa ananisuka, na mkono wake ukakaza nywele kuliko ilivyohitajika. Tulipopata habari kwamba tumeingia fainali, alimwita mtoto, akamshika kidevu.

"Ile siku utasikia mama yako mu salle yote," alimwambia, yaani ukumbi mzima. "Batu batanyamaza. Hautasikia tena haya."

Wiki moja kabla, mwandaaji, kijana anayeitwa Karabo, alinipigia simu. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulionichosha. Alitaka rekodi safi. Mashine ya kukaushia nywele iondoke, na wale wanawake wanaopiga kelele waondoke. Tena kuna mtu wa Nairobi alimwambia kwamba Kiswahili cha jitu si sahihi. Pengine nilisemee mimi, au tutafute mtu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mtu akivuruga sarufi mbele yangu, jino linaniuma. Lugha yangu naijua inavyopigwa pasi, inavyokunjwa na inavyovaliwa. Ndiyo maana nilimwambia Karabo kwamba Kiswahili kina nyumba nyingi, na jitu lile limezaliwa Uvira. Likianza kusema kama msoma taarifa ya habari, hakuna kijiji kitakachoogopa. Na wale wanawake si kelele. Wale ni nusu ya kazi. Alisema eish, kama wanavyoguna watu wa huku, kisha akasema sharp, yaani sawa, wataona.

Sasa, pale ukumbini, tulikuwa tunaona.

Nilisimama. Sikumwomba mtu ruhusa, kwa sababu kipande kilikuwa kifupi na ruhusa ni ndefu. Nilivuta hewa hadi kiunoni, kama mjomba alivyonifundisha, nikasubiri jitu la Kiingereza lipumue. Lilipopumua, nikapanda.

"Watazamaji, msidanganyike. Jitu hili leo limeazima koo la watu. Koo lake lenyewe limekaa hapa, limevaa zambarau. Yaya Orpha, lirudishie," nilisema, nikimwita dada mkubwa kama wanavyoitana kwao.

Wengine walicheka. Wengine walinisonya, na mmoja wa wenye mapanga ya kadibodi akapaza sauti nikae chini. Karabo alikuwa ukingoni mwa jukwaa akinipungia mkono, chini, chini, kama anayemtuliza ng'ombe. Orpha alinitazama. Aliweka mkoba wake mapajani mwa binti yake, akainuka, na alipoinuka nilielewa kwa nini wateja wake hawakosi miadi.

"Mutoke mu bonde yangu," alisema. "Kesho asubui sitaki kuona mutu hapa."

Hakupiga kelele. Ile sauti ilikuja kama lori linaloteremka bila taa. Kicheko kilikatika chote.

Mlinzi alikuwa ameshatufikia. Kifuani mwake kulikuwa na kitambulisho kilichoandikwa Ruphin. Alinishika kiwiko, akaniinamia, na akaninong'oneza kwa Kiswahili cha Lubumbashi kwamba dada, tafadhali, yeye atafukuzwa kazi. Nilimwambia kaka, dakika moja. Alifikiri. Kisha akaendelea kunishika kiwiko kama mtu anayenitoa nje, ila hakunitoa. Alisimama hivyo hivyo, uso umekunjwa kikazi, akiangalia skrini.

Msichana mchoma makaa alipiga hatua mbele. Kinywa chake kilifunguka, na nikawahi.

"Bibi yangu amezikwa hapa," nilisema, "na sufuria yetu iko jikoni. Sihami."

Pakawa na lile pengo la kusubiri jibu. Kule saluni halidumu, maana wateja hulirukia. Pale ukumbini lilikuwa pana, nami nilisimama ukingoni mwake na mkono wa mlinzi kwenye kiwiko changu.

"Hahami!" Alikuwa Victorine, kutoka nyuma kabisa.

"Hahami!" Mamie na dada zake, wateja wetu wengine. Kisha sauti za kiume kutoka mlangoni, ambazo sikuzijua. Kisha wenye nywele za buluu, wasiojua neno lile maana yake nini, ila walijua zamu yao ikifika. Nilimtazama Héritière. Alikuwa ameukumbatia mkoba wa mama yake, anaangalia viatu. Mabega hayakutikisika. Nikajiambia: basi, tumemwaibisha mbele ya mji mzima.

Tuzo walipewa wanafunzi waliotia maneno ya Kizulu, na walistahili; bibi kizee waliyemsemea alinichekesha hata nikiwa na hasira. Baadaye Karabo alitufuata nje kwenye baraza. Alieleza kwamba fundi mitambo alisikia zile kelele, akadhani faili limeharibika, akaweka sauti ya Kiingereza kuokoa shughuli. Nilimwamini. Alisema haikuwa nia mbaya, ila utaratibu ni utaratibu, na mwakani ataturuhusu kushiriki tena iwapo nitasimama jukwaani, kabla watu hawajaondoka, niombe radhi.

"Kuomba radhi ni kazi yangu," nilimjibu. "Jumatatu hadi Ijumaa. Leo ni Jumapili."

Orpha aliniuliza amesema nini. Nikamtafsiria, na jibu langu pia.

"Muzuri, petite," alisema, yaani mdogo wake, lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto.

Héritière alikuwa amekaa kwenye ngazi za kuingilia, peke yake, mkoba bado kifuani. Jua la alasiri lilikuwa limebaki kwenye ghorofa za juu. Chini, wachuuzi walikuwa wanafunga maturubai, na magari yalikuwa yamejipanga kwenye robot, taa za barabarani. Orpha alisimama mbali kidogo naye, mikono haijui ikae wapi. Nilimjua, alikuwa anatafuta neno la Kiingereza la kuanzia.

Mlango ulifunguliwa nyuma yetu. Ruphin alitoka na rundo la funguo. Kazi yake ilikuwa bado ipo, alituambia, walau kwa leo. Halafu alimwona mtoto katikati ya ngazi, na watu wengine wakiwa wanakuja nyuma yake na masanduku ya vipaza sauti.

"Mutoto," alimwambia, "hama hapo. Batu banapita."

Héritière hakugeuka. Alivuta mkoba karibu zaidi, akatazama barabara, na kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaja jina lake, akasema:

"Sihami."

Ruphin alimtazama Orpha. Orpha alinitazama mimi. Mmoja wetu angecheka, jambo lile lingeharibika, na nadhani sote tulijua.

Orpha alikunja vitenge vyake vya zambarau, akakaa upande mmoja wa binti yake. Mimi nikakaa upande mwingine. Wenye masanduku walipofika, walituzunguka, wakapita pembeni.