Ekari Mbili za Jilala

Jilala alikuwa na ekari kumi na mbili, na hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuambiwa hivyo. Walipokuja watu wa chanjo alitaja ng'ombe kumi na watano. Wengine walikuwa wamefichwa kwa shemeji. Ndivyo alivyolelewa. Mwenye kalamu akikuuliza una nini, punguza, maana anayehesabu leo kesho huja kuchukua. Wazee wengi wa upande ule wa Mwakitolyo waliishi kwa ujanja huo, na uliwafaa, mpaka siku serikali ilipokuja kutoa.

Ilikuja mbolea ya ruzuku. Kila mkulima alitakiwa aandikishe ekari zake, apate mifuko kulingana na shamba.

"Unalima ekari ngapi, Baba Violeth?" mtendaji wa kijiji alimuuliza.

"Mbili."

Mkewe Asteria alimkanyaga mguu. Jilala hakutikisika. Alijiona mjanja kuliko wote waliokuwa kwenye foleni ile, na huo ndio ulikuwa ujinga wenyewe.

Jirani yake Nkwabi, aliyehamia kutoka Ushetu na kupewa na Jilala huyo huyo mahali pa kujenga, alimvuta pembeni. "Kaka, zile kumi niziandikishe mimi. Mbolea tutagawana. Wakija na kodi yao, watanifuata mimi."

Jilala alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kula bila kuonekana, nani asiyependa?

Daftari lilisomwa mbele ya mkutano. Jilala, ekari mbili. Nkwabi, ekari kumi. Mwenye pingamizi anyooshe mkono. Asteria akanyoosha wake, na mumewe akaushusha.

Msimu ule Nkwabi aligawa mbolea kwa haki, hakuficha hata kilo moja. Mahindi yalistawi, na Jilala akampelekea jogoo wa shukrani.

Msimu wa pili watu wa leseni ya uchimbaji waliufuata mwamba wa dhahabu mpaka ndani ya shamba la Jilala. Mthamini akaja kuandika watakaolipwa fidia. Hakuuliza nani alizaliwa pale. Alifungua daftari la mbolea.

"Zile kumi ni zangu," Jilala alisema.

"Hapa kuna dole gumba lako, mzee, kwenye ekari mbili. Ulimdanganya nani, serikali siku ile au mimi leo?"

Jilala aliwageukia majirani. Walimjua, na shamba walilijua tangu enzi za baba yake. Lakini kila mmoja wao alikuwa amepunguza zake, na hakuna aliyetaka daftari lile lipekuliwe zaidi. Wakatazama chini.

"Kaka alisema mwenyewe, mbele za watu," Nkwabi alisema kwa upole kabisa.

Mficha uchi hazai. Asteria hakumwambia mumewe hata hilo. Alimwekea ugali akarudi jikoni. Angemtukana, Jilala angepata nafuu.

Baada ya wiki moja Nkwabi alibisha hodi, karatasi mkononi.

"Shikamoo, kaka."

Jilala hakuitikia.

"Kuna kaburi kule juu, karibu na kichuguu. Watahamisha makaburi yote. Fomu inataka jina la marehemu, nami sikumkuta akiwa hai."

Alikuwa baba yake Jilala. Asteria alisimama mlangoni, mikono ina unga, akimtazama mumewe.

"Nisipokwambia?"

"Wasio na majina watafukiwa shimo moja. Mwenye jina anapewa sanduku na mahali pake." Nkwabi alifungua kalamu. "Wameuliza pia marehemu ni nani wangu. Nimeandika baba."

Jilala alishika nguzo ya mlango. Alitaka kumkaba, na mikono ikakataa, kwa sababu alimwona mzee wake akimwagwa shimoni pamoja na mifupa ya watu asiowajua.

"Masalu," alisema. Kisha akalirudia taratibu, ili Nkwabi asikosee kuliandika.