Pumzi za Shangazi

Shangazi yangu ana tabia moja inayonipandisha mori: kuku akilegea, humfungua mdomo na kumpulizia pumzi. Mtaa mzima unamwita Nesi. Kuku wengine huamka kweli, ndiyo maana haambiliki.

Daktari wa mifugo alipopita alituonya. Kuna mafua ya ndege yanayobebwa na bata mwitu. Yakiingia bandani hufagia kuku wote, na mara chache humwingia mtu anayewashika. Wataalamu wanahofia siku kirusi hicho kitakapoweza kuhama kirahisi kutoka mtu hadi mtu, maana hapo dunia nzima itaugua. Akamgeukia Shangazi.

"Mama, hizo pumzi zako sasa basi."

"Nilikuwa napuliza kuku wewe hujazaliwa, mwanangu."

Aliyeingiwa na hofu ni mume wangu. Bwana huyu haogopi nyoka, ila siku ile alishonea magunia kila dirisha la banda, shomoro asipate pa kupenya. Jua lilipowaka, kuku wakaanza kuanguka. Nilipofika mbio, Shangazi alikuwa amepiga magoti, kuku mdomoni.

"Shangazi!"

Aligeuka, akaona nimembeba mwanangu. Mtoto huyo ndiye roho yake. Hata usingizi huupata upesi zaidi mgongoni mwa Shangazi kuliko kwangu. Uso ukambadilika.

"Rudi nyuma! Usimlete huku."

Akanawa, akaingia chumba cha uani, akajifungia. Mimi niliyejiandaa kwa ugomvi nikaishia kumpigia daktari simu. Daktari akaja na barakoa na glavu, akachukua sampuli za kuku, akasema Shangazi akae hukohuko mpaka majibu yatoke.

Basi tukawa tunaongea dirishani. Nilimwekea chakula mlangoni, naye akalalamika chumvi. Jioni nilisimama mbali na mtoto, Shangazi akamwimbia kupitia nondo za dirisha, mtoto akarusha miguu kwa furaha. Nilicheka huku machozi yakinilengalenga. Niliogopa kumpoteza, nasema wazi. Nani mwingine angenigombeza vizuri hivyo?

Majibu yakaja kwa simu: hakuna mafua. Ni joto tu, kuku walikosa hewa. Daktari akamwambia mume wangu atoe magunia, afunge wavu. Tulimcheka mpaka akakimbilia dukani kununua huo wavu.

Shangazi akatoka, akamchukua mtoto na kumfunga mgongoni kabla hata ya kunisalimia. Kisha miguu ikampeleka mlangoni mwa banda. Tetea mmoja alikuwa bado amelegea pale karibu. Shangazi akainama, midomo tayari imechongoka kwa mazoea. Nikabana pumzi.

Mtoto akajinyoosha usingizini. Shangazi akafunga mdomo, akasimama taratibu.

"Wewe," akaniita. "Vaa glavu umpepee huyu kuku. Mimi nina mtu mgongoni."