Magoti Meupe

Kazi yangu ni kusoma sahani. Daktari akituma usaha wa mgonjwa maabara, naupaka kwenye sahani ndogo yenye jeli, juu yake napanga vipande sita vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake, halafu naifungia kwenye kabati la joto mpaka kesho yake. Dawa inayofaa hukutwa imezungukwa na duara safi, vijidudu vimekaa mbali nayo. Isiyofaa, vinaota mpaka vinaigusa. Napima maduara kwa rula, naandika, daktari anajua atumie nini. Mdogo wangu ananiita Mama Vijidudu, na mbele za watu ndiyo zaidi.

Nilipoanza, miaka tisa iliyopita, maduara yalikuwa mapana hadi yanakaribia kugusana. Siku hizi nakodoa macho. Mkuu wangu wa maabara, mzee asiyependa maneno mengi, aliwahi kuinua sahani dirishani akaniuliza kama mimi pia huwa naona zinatuangalia. Nilimcheka. Sikumwambia kwamba mwezi mzima nilikuwa nazigeuza kifudifudi kabla ya kwenda kula.

Mama ni fundi cherehani, na tepu yake ya kupimia haitoki shingoni hata akilala. Mtaa mzima unamwita Daktari kwa sababu ya kopo. Ni kopo la bati la biskuti, na sheria yake ni moja: ukipata nafuu, acha dawa, zilizobaki zirudi zimfae mwenzio. Homa, vidonge viwili vya rangi mbili. Jino, chochote cha njano. Kwa kidonda alikuwa na mtindo wake mwenyewe: anakipasua kidonge, unga anaunyunyiza juu ya kidonda kama anatia chumvi. Ungepita mtaani kwetu mchana ungewaona watoto wanakimbizana, magoti meupe.

Najua mtaniuliza kwa nini sikumkataza, mimi niliyesomea. Nilimkataza mara moja, akaniuliza mimi nilikua kwa dawa gani. Nikafyata mkia. Na ukweli unaoniuma ni kwamba kopo lile nililitajirisha mimi. Baba alipozidiwa, miaka mitatu iliyopita, nilimpatia chupa sita za dawa ambayo hospitali huifungia kwa funguo mbili, dawa ya mtu ambaye nyingine zote zimeshindwa kumponya. Ni unga, unachanganywa na maji kisha unadungwa. Baba alitumia mbili, akafa. Zile nne nilipaswa kuzirudisha, lakini sikuwa na moyo wa kupita mlango wa hospitali nikiwa nimezishika. Nikazitupia kwenye kopo nikasahau. Mama hakusahau.

Mdogo wangu, Cheche, anachomelea mageti. Bati lilimkata ugoko, mkato mdogo tu, hata hakuona haja ya kunipigia simu. Mama alimnyunyizia. Kidonda kikafunga, kikafunguka, akanyunyiza tena. Wiki ya tatu, Jumapili mchana, nilikwenda kuwasalimia, na nilipofungua mlango nikapokewa na harufu ya zabibu zilizoiva. Nikauliza nani kanunua matunda.

Mama alikuwa anapinda mkono wa gauni. Akasema hakuna aliyenunua tunda lolote. "Ni kidonda hicho," akasema. "Siku hizi kinanukia vizuri. Kinapona."

Maabara tunaijua harufu hiyo. Kuna kijidudu kinachonukia zabibu, unakijua hata kabla hujafunua sahani, na wageni wetu huwa wanageuka huku na huku wakitafuta tunda liko wapi. Niliifungua bendeji. Usaha ulikuwa wa kijani, na Cheche alikuwa anatabasamu huku anatetemeka kwa homa. Saa hiyo hiyo tukamkimbiza hospitali.

Sahani yake sikukubali aisome mtu mwingine. Jumanne asubuhi niliiweka mezani. Karatasi ya kwanza, hakuna duara: ile dawa ya rangi mbili. Ya pili, hakuna: vile vidonge vya njano. Ya tatu, ya nne, hakuna. Nilikuwa nalisoma kopo la mama, dawa baada ya dawa, kama vile vijidudu vimekaa nyumbani kwetu miaka yote vikijifunza. Ya tano ilikuwa dawa ya funguo mbili. Haiuzwi duka lolote mtaani kwetu. Vijidudu vilikuwa vimeota hadi kwenye ukingo wa karatasi, vinang'aa.

Ya sita ilikuwa na duara, milimita kumi na tano. Hicho ndicho kipimo cha chini kabisa ambacho tunaruhusiwa kuandika kwamba dawa inafaa. Mkuu wangu aliniambia nipime tena. Nilipima mara nne.

Daktari hakunificha. Vijidudu vilishaingia kwenye damu. Dawa ya sita ingeanza leo, ni kali, inaumiza figo, na baada yake hakuna nyingine. Duara likibaki, Cheche anapona. Likisinyaa, basi.

Mama nilimkuta kwenye benchi la korido. Nilimuuliza ile dawa ya baba alimpa nani.

"Kila mtu," akasema. "Nilikuwa natia kidogo kidogo, mwanangu, isiishe."

Nilimwambia. Kwamba huko kutia kidogo kidogo ndiko kulikovizoesha vijidudu, vikaionja bila kufa, vikawa sugu, na kwamba aliyeiweka dawa ile mikononi mwake ni mimi, siyo yeye. Nililia mbele ya wauguzi ninaofanya nao kazi na sikujali. Mama hakulia. Aliniuliza milimita kumi na tano ni kiasi gani. Nikamwonyesha kwenye tepu yake, akapabana kwa ukucha wa dole gumba, na hakupaachia tena.

Kwa siku mbili homa ilishuka. Cheche akapata maneno. "Mama Vijidudu," aliniambia, "waambie wanao wamenitosha, warudi kwao." Nilicheka hadi muuguzi akaja kuangalia. Kila nilipopita koridoni mama aliuliza kama duara limekua, nami nikamwambia asubiri, mama, tutapima tena.

Siku ya nne homa ilirudi. Walichukua tena usaha wake kwa ajili ya sahani mpya. Mchana huo nilikwenda nyumbani kulichukua kopo nikaliteketeze. Nililikuta tupu. Jirani wa mlango wa pili alinieleza kwa upole kwamba waliposikia ya Cheche waliogopa, wakagawana zilizobaki, wakampaka kila mtoto mwenye mchubuko, ndiyo tahadhari. Nilitoka nje. Jua lilikuwa kali. Watoto waliacha kucheza, wakajipanga kando ya njia wakaniamkia kwa pamoja, kama walivyofundishwa, magoti meupe, viwiko vyeupe. Pale pote palinukia zabibu. Sijui kama ilikuwa kweli au pua yangu imeshaharibika. Niliwaitikia nikapita haraka.

Asubuhi iliyofuata sikuhitaji kufungua kabati la joto. Nilipofika tu mlangoni harufu ilinifikia, na mkuu wangu alikuwa amesimama pale bila koti lake, akiniangalia. Akanipa rula. Sahani ilikuwa kijani kitupu, kutoka ukingo hadi ukingo.

Mama alikuwa kwenye benchi lake. Aliponiona natoka aliinua tepu, ukucha bado uko palepale kwenye kumi na tano, na safari hii hakuuliza. Nilikaa karibu naye. Nilishika kidole gumba chake nikakisogeza. Kumi na mbili. Kumi. Kila nilipotua alinitazama, akidhani nimefika. Saba. Nne. Nikaendelea kukisogeza mpaka kikagonga ile ncha ya chuma, pale tepu inapoanzia.

Ndani ya wodi Cheche alikuwa anaita maji. Mama alisema, "Naja, mwanangu," lakini kidole chake hakikutoka kwenye chuma.