Ukuta wa Chumba cha Mama Mkwe

Mtaani walimwita Vumbi Marufuku, na jina lenyewe alilipenda. Mgeni akiinuka tu kitini, sakafu imeshapigwa deki. Mumewe alikuwa fundi rangi, basi wakakutana: mke anasugua ukuta, mume anapitisha brashi. Nyumba iling'aa kweli, na mchwa waliila taratibu bila bughudha.

Nani angejua? Kila asubuhi Vumbi Marufuku alikuta michirizi ya udongo imepanda ukutani katika chumba cha pembeni, akaifuta kwa kitambaa kibichi huku akinung'unika. Mbawa za wadudu zilizoanguka chini ya dirisha alizifagia. Rangi ilipovimba karibu na mlango, mumewe aliikwangua, akasema ni unyevu tu, akapaka upya.

Chumba hicho kilikuwa kimetengwa kwa ajili ya mama mkwe. Walimwomba miaka nenda rudi ahamie kwao, akakataa katakata. Sasa magoti yalikuwa yamemchosha, akakubali shingo upande, na kesho yake angefika. Vumbi Marufuku alimpenda mama huyo kwa dhati, na hofu yake ilikuwa moja tu: asije akapata kisingizio cha kurudi kuishi peke yake.

Mume akaingia kupigilia msumari wa pazia kwenye fremu ya dirisha. Nyundo iligusa mara moja, msumari ukazama wote kama kwenye mkate. Akagonga ukuta kwa kidole, ukaitika kama debe tupu. Akabonyeza fremu, rangi ikapasuka, na nyuma yake hapakuwa na mbao, ni udongo na wadudu weupe wakikimbizana.

"Mchwa! Mke wangu, ile michirizi uliyokuwa unafuta ndiyo njia zao."

"Na ule uvimbe uliokuwa unaupaka rangi?"

Wakatazamana, wakacheka kwa aibu. Halafu mke akalia, maana kesho haikuwa mbali.

Fundi wa dawa ya mchwa alipokuja alimnyang'anya kitambaa. "Mama, usifute chochote! Nitajuaje wanakotokea?"

Kwa hiyo mama mkwe alikuta fremu zimeng'olewa, lipu imebomolewa, udongo umetapakaa mpaka sebuleni.

"Mama, samahani sana," Vumbi Marufuku alisema, machozi yakimlengalenga. "Utalala sebuleni kwa muda. Tafadhali usirudi kwako."

Mama mkwe aliangalia huku na huku, akavua viatu, akajitupa kwenye kochi lenye vumbi, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nirudi wapi, mwanangu? Unajua kwa nini nilikuwa nakataa? Humu ndani nilikuwa naogopa hata kukohoa. Leo ndiyo naona pana mahali pangu. Hebu niletee chai."

Chai ikaja. Mama akapiga funda, akacheka tena, tone likadondoka sakafuni. Vumbi Marufuku akaliona. Mkono ukamwasha. Akaketi karibu na mama mkwe wake, akaukalia ule mkono.