Sare Isiyotosha

Mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya godoro hadi kwapani, nikisukuma sufu kwenye pembe, na wa kushoto umeshika simu sikioni. Simu ilikuwa inaita tu bila kupokelewa. Chini yetu, uwanjani ng'ambo ya barabara, kipindi cha pili kilikuwa kimefika dakika ya kumi na nane na hapakuwa na goli. Lakhdar alisimama kwenye ukuta mfupi wa paa, ngoma mbele ya tumbo, kanipa mgongo. Alikuwa anasubiri nimwambie.

"Pembe hiyo bado tupu," alisema mama mwenye nyumba, Khalti Zulikha. "Nimeibonyeza, kidole kinazama."

Paa lilikuwa lake na godoro lilikuwa lake, kwa hiyo niliweka simu chini nikarudi kwenye pembe.

Tulikuwa tumetoka Ain Tmira alfajiri, watu kumi na mmoja kwenye basi dogo, saa nne na nusu za milima na kona. Tulipofika Burj Lahmar tukakuta lango la uwanja limefungwa na askari wawili wamekaa kivulini. Mechi ilikuwa bila mashabiki. Wenyeji walikuwa wameadhibiwa kwa mawe waliyomrushia mshika kibendera wiki mbili nyuma, na tangazo lilitoka jana yake jioni, wakati sisi tumeshalala ili tuwahi kuamka. Wenzetu tisa walizunguka lango mara mbili, wakamwambia askari maneno mawili matatu, naye akawaambia kwamba hata yeye angependa kuwa nyumbani. Wakaenda mkahawani, ambako runinga ilikuwa inaonyesha mechi ya Hispania.

Lakhdar hakwenda nao, nami nikabaki naye. Lakhdar ndiye anayechora mistari ya uwanja wetu. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, kwa miaka ishirini na miwili, utamkuta na ndoo ya chokaa, kamba na vigingi vinne, anarudi kinyumenyume kutoka kona hadi kona. Na mkuu wa mji alikuwa ameshasema mbele ya watu: tukishuka daraja, uwanja unageuzwa soko la mifugo, maana timu ya daraja la mwisho inaweza kuchezea popote. Lakhdar alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akaenda zake. Tangu siku hiyo anaongea kidogo zaidi, na hakuwahi kuwa mwongeaji.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Ilikuwa siku ya mwisho ya ligi. Timu ya Sidi Bahlul ilikuwa nyuma yetu kwa pointi moja, nayo ilicheza saa ileile, kwao. Wasiposhinda, sisi sare ingetutosha. Wakishinda, sisi nasi lazima tushinde. Kaka wa mke wangu, Tayeb, anaishi Sidi Bahlul, na alikuwa ameahidi kwenda uwanjani kunipigia kila mara matokeo yakibadilika.

Kamishna wa mechi haruhusu simu kwenye benchi. Kwa hiyo kabla ya mechi nahodha wetu, Zubir, alikuja kwenye nondo za lango, na Lakhdar akapatana naye kupitia nondo hizo. Mapigo matatu ya ngoma ya polepole: sare inatosha, kaeni nyuma. Mapigo ya haraka bila kupumzika: tunataka goli, pandeni wote. Zubir aliyarudia yote mawili kama mtu anayerudia maelezo ya dawa. Ana miaka thelathini na sita na goti moja bovu.

Nyumba tano zilitukataa tulipoomba kupanda paani. Ya sita ilikuwa ya Khalti Zulikha, mjane aliyekuwa juu ya paa lake na sufu iliyofuliwa, ameitandaza kama mawingu yaliyoanguka. Naye alikataa kwanza. Mimi kazi yangu ni magodoro. Baba aliniachia sindano tu, mengine nilijifunza kwa kufumua magodoro ya watu na kutazama walivyoyashona. Nilimwambia kutoka barabarani, kwa adabu, kwamba lile fungu la upande wa kushoto bado lina unyevu ndani na litaoza. Akauliza mimi ni nani wa kumfundisha habari za sufu. Nikamwambia. Akaenda kulishika lile fungu, kisha akasema tupande, lakini godoro liwe tayari kabla hatujaondoka, maana ni la mjukuu wake anayeolewa. Mke wa mwanawe akatuletea kahawa na kipande cha mkate wa moto.

Mpira wenyewe sina mengi ya kuusimulia. Upepo ulikuwa unavuka uwanja, na kila mpira mrefu uliishia barabarani, ambako askari mmoja aliurudisha kwa mkono bila kuinuka. Burj Lahmar hawakuwa na cha kupata wala cha kupoteza. Kwenye paa la jirani kulikuwa na mwanamume mnene mwenye fulana ya ndani, anatafuna mbegu za alizeti.

"Nyie wa Ain Tmira," alituita, "mmekuja kushangilia au kufuma?"

"Timu yako je," alisema Lakhdar bila kugeuka, "imekuja kucheza au kupunga upepo?"

Yule bwana alifikiri, akatema ganda. "Hapo sina jibu, mzee."

Dakika ya sabini simu ililia. Nyuma ya sauti ya Tayeb kulikuwa na kelele za uwanja mzima. Sidi Bahlul walikuwa sare ya moja kwa moja, hilo nililijua. Sasa alikuwa anapiga ukelele kwamba wamefungwa la pili.

Nikamwambia Lakhdar: "Sidi Bahlul wamefungwa. Mbili moja."

Kitambaa cha godoro hupimwa mara mbili kabla ya kukatwa. Sijawahi kukata kwa kipimo kimoja tangu nikiwa kijana, na watu hunicheka kwa hilo. Lakini siku ile Tayeb alikuwa bado anaongea nilipokata simu, kwa sababu Khalti Zulikha alikuwa amenyoosha mikono yote miwili iliyojaa sufu, na Lakhdar alikuwa ameshainua kijiti.

Matatu ya polepole. Akapumzika. Matatu tena.

Kule chini Zubir aliinua uso, akatutafuta kati ya mapaa, akanyanyua mkono. Kisha akawaonyesha wenzake kwa viganja viwili: chini, chini. Timu ikarudi nyuma yote. Kipa akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Beki wetu wa kulia akaurudisha mpira kwa kipa, kipa akampa beki wa kushoto, beki wa kushoto akaurudisha. Yule bwana wa fulana alipiga mluzi wa kuchoka. Lakhdar aliketi kwenye ukuta, mara ya kwanza tangu asubuhi, akafuta uso kwa kofia.

Niliendelea na kazi. Nilimaliza pembe mbili na katikati, nikashindilia kwa ngumi. Nilikuwa nimeshakaa raha kiasi cha kuanza kumweleza Khalti kwa nini katikati pajazwe kuliko kando, yeye akaninyamazisha kwa kidole.

"Godoro linalia," alisema.

Nikasikiliza. Ilikuwa kama nzi ndani ya sanduku lililofungwa. Niligusa mfuko wa shati, nikatazama sakafuni, kisha nikaingiza mkono kwenye sufu niliyokuwa nimetoka kuishindilia, na ikanichukua muda, maana nilikuwa nimeishindilia vizuri. Simu ilikuwa kwenye pembe ya tatu. Tayeb alikuwa amepiga mara saba.

Lile goli lilikataliwa. Mfungaji alikuwa ameotea, kibendera kilikuwa juu hata kabla wageni hawajashangilia, na hilo ndilo alilotaka kunimalizia nilipokata. Akasema alipiga na kupiga. Akasema sasa Sidi Bahlul wamefunga, wao ndio wanaongoza mbili moja, na zimebaki dakika nne.

Nilimwambia Lakhdar kama nilivyoambiwa, bila kupunguza. Hakunitazama. Alisimama na kuanza kupiga haraka, bila kupumzika, kwa mikono yote miwili kijiti kilipomponyoka.

Lakini mtu aliyeshaambiwa kwamba yuko salama, ngoma ya haraka huisikia kama sherehe. Wachezaji wa akiba walianza kupiga makofi kuifuata. Zubir aligeuka, akatuinulia dole gumba. Lakhdar aliita jina lake, upepo ukalibeba upande mwingine. Mimi nilipunga kipande cha kitambaa cha godoro. Hata yule bwana wa fulana alielewa kabla ya timu yetu kuelewa. Aliacha mbegu zake, akaja ukingoni, akawa anaonyesha goli kwa mikono yote miwili na kupaza sauti, "Pandeni, pandeni, ole wenu!" Mchezaji mmoja wa timu yake mwenyewe akamtazama kama mwendawazimu.

Kisha filimbi ikalia. Wachezaji wetu wakakumbatiana. Tuliwatazama kutoka juu wakikumbatiana, kipa amepiga magoti, mpaka mtunza vifaa alipotoka kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo akiwa na simu mkononi. Aliwaendea polepole sana.

Nikamwambia Lakhdar kwamba kosa ni langu.

"Ulisikia goli, ukasema goli," alijibu. Akafungua mkanda wa ngoma, akailaza chini kwa uangalifu. Nilitaka aseme zaidi ya hapo, hata kama ni tusi.

Nilishuka nikaenda kwenye basi la timu. Zubir alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, amevaa kandambili, viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Wenzake walikuwa ndani, mapazia yamefungwa. Nilimwambia kwamba ngoma ilipigwa na Lakhdar lakini habari ilikuwa yangu, na kwamba sikumsubiri mtu amalize kusema. Nikamwambia pia kuhusu simu na godoro, ingawa nilijua jambo hilo likifika Ain Tmira litanizika.

Hakucheka. Aliuliza pigo la pili, lile la haraka, lilianza dakika ya ngapi. Nikamwambia ya themanini na sita.

"Nililisikia," alisema. "Nililisikia vizuri, ndugu yangu. Nikajua limebadilika."

Nilimwambia kwamba wote walidhani ni furaha.

"Wao walidhani. Mimi ndiye niliyepatana na Lakhdar pale langoni, wao hawakuwepo." Alikunja mdomo wa mfuko, akaukunjua. "Goti lilikuwa limekwisha tangu mapumziko. Ile ya polepole ilipopigwa, nilishukuru Mungu, na si kwa ajili ya ligi. Nilishukuru kwamba naweza kuacha kukimbia. Ya haraka ilipokuja, nikajiambia ni shangwe. Nilitaka iwe shangwe."

Dereva akawasha injini. Zubir alinyanyuka kwa kushika mlango, akaniambia nimweleze Lakhdar au nisimweleze, nitakavyoona mwenyewe, yeye hana nguvu ya kuamua hilo leo.

Nilirudi nikipanda ngazi moja moja. Nilikuwa na kitu ambacho kingenipunguzia mzigo, na njia pekee ya kuutua ilikuwa kumwongezea Lakhdar. Sikusema kwamba Zubir ni mtu mbaya, na sisemi hivyo sasa. Nimemwona akicheza na goti lile kwenye mvua. Na nani hajawahi kulisikia neno kama anavyolitaka?

Lakhdar alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya Khalti Zulikha, wanachambua sufu iliyobaki, kila mmoja upande wake wa fungu. Alikuwa anaichambua vibaya.

"Amesemaje?" aliuliza.

"Amesema goti lilikwisha tangu mapumziko."

Alitikisa kichwa, akatoa kijiti cha nyasi kwenye sufu. Ilikuwa kweli, lakini nusu tu.

Basi dogo lilipiga honi mtaani. Wenzetu walikuwa tayari kuondoka, na mmoja alishuka kutuita. Nilisema nimeahidi godoro. Nilidhani Lakhdar atashuka. Alibaki ameketi.

"Nikifika leo wataniuliza habari za uwanja," alisema. "Kesho wataniuliza vilevile, lakini nitakuwa nimelala."

Bwana wa fulana alisema kutoka paani kwake kwamba kwake kuna chumba na kuna mchuzi, na kwamba watu waliopoteza hivyo hawafai kupewa milima ya usiku. Aliongeza kwamba sharti ni moja: ngoma ibaki mlangoni.

Nikaanza kushona. Upande mrefu wa kwanza, mfupi, mrefu wa pili, uzi wa katani uliotiwa nta, tundu kila baada ya upana wa vidole viwili. Lakhdar alinishikia kitambaa kivutike. Mara mbili nilifungua mdomo kumwambia, na mara zote mbili nikaomba anisogezee mkasi. Jua lilipozama nilikuwa nimebakiza upande mmoja mfupi. Khalti Zulikha aliweka mkono wake juu ya mshono, akasema inatosha, hataki godoro la bibi harusi lishonwe na mtu asiyeona tundu, nije kesho baada ya kahawa.

Nikaichomeka sindano pale nilipofika, nikauzungusha uzi juu yake mara tatu ili usifumuke, tukashuka.