Jino la Kisimani Masanze

Mimi hasira zangu zinajulikana Masanze nzima, na siku ya kikao kile cha kijiji zilinipanda. Hivi kweli baba mzazi anamwambia mwanawe akadanganye mbele za watu?

Kisa ni kisima. Wakulima wanasema sisi wafugaji ni wageni, tusinyweshe pale. Mafuriko yalipokifukia, baba yangu, mzee Lekishon, akashuka kukizibua, akakuta meno yamenasa kwenye mwamba. Furaha yake! "Haya ni ya punda wa babu yangu. Nani mgeni sasa?" Akanipigia simu nije kutoka Dar nitoe ushahidi kwenye kikao cha kijiji, maana kazi yangu ni mifupa ya kale.

Nilipolishika la kwanza nikajua si la juzi. Zito, jiwe tupu. Nikaligusa kwa ulimi, likanata, kama inavyonata mifupa iliyogeuka jiwe. Jino la juu la punda, hata la pundamilia wa Mikumi, kwenye uso wa kutafunia lina kikunjo upande wa ndani kilichoungana na vingine. Hapa kilikuwa kiduara kimejitenga peke yake. Huyo ni farasi pori wa vidole vitatu kila mguu, aliyetoweka kabla binadamu hajafuga hata kuku.

Nikamweleza baba. Akasema, "Namelok, wewe sema punda. Nani atajua?"

"Mimi nitajua! Wazee wetu walinywesha hapa na baba zao, si uwaite waseme? Haki yetu unaitundika kwenye jino, kwa nini?"

"Wazee wetu hawasikilizwi. Wewe utasikilizwa."

Kikaoni mwenyekiti akaniuliza: ni punda?

"Si punda. Ni farasi pori wa kale, hana mwenyewe."

Wakulima wakapiga makofi. Mzee Theodory, msemaji wao, akainuka. "Mmesikia? Mtoto wao mwenyewe kakiri, ni wageni!"

"Nimekiri nini? Nimesema jino si la punda, basi! Babu yangu hakumfuga huyo, na wako pia hakumfuga. Usinilishe maneno, mzee wangu!"

Nani anisikilize? Mwenyekiti akafunga kikao: mifugo isinyweshwe pale tena. Katika yote niliyosema, walichukua lile moja tu, lililowafaa.

Nikamfuata baba nje, nikainamisha kichwa anishike utosini, kama mtoto anavyomsalimu mzazi kwetu. Mikono yake ilibaki kwenye fimbo. Ng'ombe walikuwa wanalia kwa kiu, naye akanipita, akaenda kuwageuza watoke kisimani.